Neno "Put" na Mavazi

Wenzangu, neno "put" la Kiingereza laonekana jepesi. Halibadiliki hata katika wakati uliopita: leo "put", jana "put". Maana yake ya kwanza ni kuweka. Lakini likifuatwa na neno jingine dogo hugeuka: "put out" ni kuzima moto, "put off" ni kuahirisha, na "put up with" ni kuvumilia, ambamo hamna kuweka hata kidogo.

Linalotuponza zaidi ni "put on". Sisi tuna kitenzi kimoja tu, kuvaa, na kazi ya kupambanua twawaachia -na- na -me-. Anavaa koti: mkono mmoja bado uko nje. Amevaa koti: vifungo vimekwisha fungwa. Mwingereza hubadili kitenzi chenyewe. Anavaa ni "he is putting on". Amevaa ni "he is wearing". Basi ukiandika katika mtihani kwamba askari wa pichani "is putting on a cap", msahihishaji huona kofia ingali mikononi, na alama hukatwa. Kortini ni vibaya zaidi. Mwizi aliyekuwa "putting on a red shirt" alikuwa akihangaika na mikono ya shati, na wakili atauliza kwa nini hakukamatwa hapo hapo.

Viatu, miwani, hata manukato hufuata kanuni hii, ila unene. "Put on weight" ni kunenepa, na hapo "wear" haiingii kabisa.