Mume wa Chini, Mwizi wa Darini

Taa ya gesi ina tabia moja ambayo sisi tuliolelewa kwa kandili na karabai hatukuijua. Kandili hunywa mafuta yake yenyewe. Ikififia, ama utambi umekwisha ama mafuta yamekauka, na taa ya chumba cha pili haina habari. Lakini katika miji ya Ulaya ya karne ya 19 gesi ilipita kwa mabomba ukutani, na taa zote za nyumba zikanywa katika bomba moja. Ukiwasha taa chumba cha juu, ya chumba cha chini hunywea kidogo, kama mtu aliyepunguziwa pumzi. Basi aliyeketi chini peke yake, akaiona taa yake yafifia na hali hakuna aliyeigusa, aweza kujua jambo moja kwa yakini: humu nyumbani mna mtu mwingine amewasha taa.

Juu ya jambo dogo kama hilo Mwingereza Patrick Hamilton alijenga mchezo wa kuigiza, akauita Gas Light, ukaonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1938 katika ukumbi wa Richmond, pembeni mwa London. Mwaka 1940 Waingereza wakautia katika filamu. Mwaka 1944 kampuni ya MGM ya Marekani ikaufanyia filamu nyingine, mwongozaji akiwa George Cukor, na hii ya pili ndiyo iliyoenea duniani kwa jina la Gaslight. Ndiyo nitakayoizungumza leo. Anayetaka kuiona bila kujua mwisho wake na akunje gazeti hapa, ingawa hatakuwa amekosa kitu, kwa kuwa filamu yenyewe haina haja kubwa ya kumficha mwovu. Mtazamaji humshuku mapema. Kinachomkaza kitini ni kuona mke akifika lini pale alipokwisha kufika yeye.

Mke huyo ni Paula, yatima aliyelelewa na ndugu wa mamake, mwimbaji mashuhuri Alice Alquist. Alice alinyongwa usiku nyumbani kwake, nambari 9 Thornton Square, London, na muuaji hakupatikana. Msichana akapelekwa Italia kusomea uimbaji. Miaka 10 baadaye akapendwa na mpiga piano aitwaye Gregory Anton. Wamejuana majuma mawili tu. Gregory ataka ndoa, na Paula aomba nafasi ya kwenda peke yake Ziwa Como akatafakari. Treni inaposimama kule Como, mkono unaomshika mlangoni ni wa Gregory, amekwisha kumtangulia. Watazamaji wengi huona hapo mahaba matupu. Mimi kila nikiitazama naona hicho ndicho kitendo cha kwanza cha uadui katika hadithi nzima. Mwanamke aliomba muda wa kufikiri, naye akanyang'anywa kwa tabasamu.

Hapo ndipo mtu wa Pwani hujiuliza: je, nani aliyemuulizia huyu bwana? Kwetu posa huletwa, jawabu likangojwa, na katika kule kungoja wazee wa mke hutuma mtu taratibu mpaka mtaani kwa mume. Ni wa nani, adaiwa na nani, ana mke kwingine au hana. Na nikaha haitimii pasi na walii na mashahidi. Vijana huona ni usumbufu tu. Sisemi kwamba mpango huo hauna tundu. Wapo waliooa mji wa pili na mke wa kwanza asijue, na mashahidi wakawapo, wakala pilau wakanyamaza. Lakini Paula hakuwa hata na mmoja wa kumtuma. Lau angalikuwa naye, angaliambiwa kwamba jina Gregory Anton si jina, kwamba bwana huyo ni Sergius Bauer, na ana mke hai huko Prague.

Gregory asema siku zote ameota kuishi London katika nyumba ya uwanja mdogo uliotulia. Kumbe Paula anayo, ameirithi, na hajathubutu kurudi. Wanarudi. Vitu vyote vya marehemu vyapandishwa darini na mlango ukafungwa kwa mbao. Ndani ya kitabu cha muziki Paula aona barua ya zamani, imeandikwa na mtu aitwaye Sergius Bauer siku mbili kabla ya Alice kuuawa. Mumewe aipokonya kwa hamaki, kisha ajirudi, awa mpole. Tangu siku hiyo ndipo Paula anapoanza "kusahau."

Itazame kazi ya bwana huyu ilivyo ya subira. Ampa mkewe pini ya kifuani, amwambia ilikuwa ya mamake, aitia yeye mwenyewe ndani ya mkoba, kwa kuwa, asema, wewe siku hizi wapoteza vitu. Pini haionekani tena. Picha yatoweka ukutani, na mke aambiwa aitafute mahali alipoificha. Walipokwenda kwenye karamu ya muziki kwa wakubwa, saa ya mume ikatolewa katika mkoba wa mke, naye akalia mbele ya watu. Watumishi wamechaguliwa kwa mizani: mpishi Elizabeth ni mzito wa masikio, na Nancy, kijakazi, ana macho ya kumdharau bibi wa nyumba. Nancy ni Angela Lansbury, aliyefariki mwaka 2022. Hii ndiyo filamu yake ya kwanza, hajatimiza hata miaka 20, na ukimwona anavyosimama mlangoni utadhani ameigiza maisha yake yote. Na kila usiku Gregory avaa kofia atoke, ati amekodi chumba cha kutungia muziki. Akishatoka taa yafifia, na hatua zasikika juu ya dari.

Hadithi za mume mwenye maisha mawili tunazozijua huwa na safari ndani yake, na barua, na mtoto wa mji mwingine. Gregory hana nyumba ndogo. Azunguka uchochoro wa nyuma, aingia katika nyumba tupu ya jirani, apita juu ya mapaa, ateremka katika dari lake mwenyewe, awasha taa, apekua masanduku ya maiti aliyemuua kutafuta vito alivyovikosa usiku ule. Maisha yake ya pili yako juu ya kichwa cha mkewe, umbali wa ngazi moja. Kwa hiyo hakuwa na njia ya kuificha siri kwa mbali, na ikambidi aifiche ndani ya akili ya yule anayeisikia. Hata akamzulia kwamba mamake alifia katika nyumba ya wenye wazimu.

Waingereza na Wamarekani wamelifanya jina la filamu hii kuwa kitenzi, na mwaka 2022 kamusi ya Merriam-Webster ilikitangaza kitenzi hicho kuwa neno la mwaka. Nimeulizwa na kijana mmoja tukiite nini kwa Kiswahili. Kuhadaa si hicho, kwa maana aliyehadaiwa adanganywa juu ya jambo fulani. Kughilibu kuko karibu zaidi, lakini kuna harufu ya soko na mizani. Mimi nachagua kuzuga. Aliyezugwa hakudanganywa juu ya kitu. Amechukuliwa kile anachojulia vitu. Neno tunalo tangu kale, na sioni haja ya kuazima.

Na hizo hatua za darini, lau zingalisikika katika mitaa yetu, zingalipewa jina upesi. Ni jini. Nilipokuwa mdogo, bibi mmoja wa mtaani kwetu alikuwa akimlalamikia mama yangu kwamba fedha zake za sandukuni zinahama. Aziweka mia tatu, azikuta mia mbili. Mumewe akasema kwa upole, mbele ya watu, kwamba maskini siku hizi hajijui. Wakaja wanawake na chetezo, ukafukizwa ubani siku saba. Mama hakusema lolote juu ya jini. Alimwambia tu, shoga yangu, ukiweka tena niite tuhesabu sote wawili. Wakahesabu. Juma la pili wakahesabu tena, zikapungua, na safari hii walikuwa wawili waliojua. Nyumba ya pili ya yule bwana, kule bara, ilijulikana baadaye, na kwa kweli haikuwa na umuhimu tena. Bibi yule alikwisha kulala usingizi tangu siku ya kuhesabu.

Katika filamu, wa kuhesabu naye ni Brian Cameron wa Scotland Yard, aliyewahi kumwona Alice alipokuwa mtoto na hajamsahau. Joseph Cotten amwigiza vizuri, ila mimi nasema ni mzuri mno wa sura. Katika mchezo wa Hamilton mpelelezi ni mzee, na ingefaa abaki mzee, maana Paula hakuhitaji mchumba. Alihitaji mtu mwenye macho. Cameron aingia nyumbani usiku mume akiwa ametoka, wanaongea, na taa yaanza kufifia. Cameron aitazama, akiri kwamba na yeye ameiona. Basi. Hajamkamata mtu, hajapata bastola wala barua, lakini tazama uso wa Ingrid Bergman wakati huo. Alipewa Oscar kwa kazi hii, na kwangu aliipata katika dakika hiyo moja. Ni mwanamke mrefu, mwenye afya na mabega ya kubeba, na ndiyo sababu kuanguka kwake kwatisha. Charles Boyer naye, Mfaransa aliyezoeleka kwa mapenzi, hakubadili sauti yake ya mapenzi hata kidogo.

Cameron atoka kwenda kumvizia mwizi, na Gregory arejea akute meza yake imevunjwa. Paula asema kulikuja mwanamume akaivunja. Mume amwita Elizabeth. Mpishi ampenda bibi yake na ataka kumlinda, basi asema hakumwona mtu yeyote. Paula, aliyekuwa amepona dakika chache tu nyuma, aanza kuamini kwamba Cameron alikuwa ndoto. Vitendo vyote vya Gregory havikumfikisha mahali hapo; uongo wa huruma ndio uliomfikisha. Sijui kama Hollywood walikusudia kusema jambo kubwa kiasi hicho, lakini wamelisema.

Mwisho, Gregory amefungwa kitini na ambembeleza mkewe amkatie kamba. Paula achukua kisu, kisha amjibu kwa maneno aliyofundishwa naye: yeye ni mwenda wazimu, hukipoteza kila kitu, ataweza vipi kumsaidia? Vito navyo vilikuwa vimeshonwa katika vazi la jukwaani la Alice, katikati ya vito vya bandia, machoni pa watu wote.

Sheria imechelewa, lakini imefika. Uingereza ilifanya mwaka 2015 kuwa ni jinai kumtawala mwenzi kwa vitisho na hila hata bila kumpiga, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka mitano. Mwaka huo huo Kenya nayo ilipitisha Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani, ikayahesabu mateso ya moyo na ya akili miongoni mwa aina za ukatili. Ni vyema. Lakini mke akisimama mbele ya hakimu atasema nini? Kwamba taa ilififia?

Jambo la mwisho ni la filamu yenyewe, na lachekesha kidogo. MGM walipoinunua hadithi hii walitaka ile filamu ya Waingereza ya mwaka 1940 isionekane tena, na yasimuliwa kwamba waliamuru nakala zake ziharibiwe. Yaani filamu ya mume aliyemficha mke wa kwanza nayo ilikuwa na mke wa kwanza aliyefichwa. Nakala zilisalimika. Mwongozaji wake ni Thorold Dickinson, na waigizaji wakubwa ni Anton Walbrook na Diana Wynyard. Ni fupi kuliko ya Cukor, ni kavu, na mume wake ni katili zaidi. Atakayeipata na aitazame kwanza hiyo.