Taifa: Neno Moja, Sura Nyingi

 Wiki hii twapenda kukaa na jamaa zetu wasomaji juu ya neno ambalo haipiti siku tusilisikie. Watoto wetu husimama shuleni kuimba wimbo wa taifa. Wazazi hulisoma neno hilo juu ya gazeti la Taifa Leo. Na jirani zetu wa Tanzania hulipigia kelele uwanjani wanapoishangilia Taifa Stars. Neno hili tumelipokea kutoka Kiarabu, nalo limebeba historia yenye mazingatio makubwa kwetu.

Asili yake ni mzizi wenye maana ya kuzunguka. Katika mzizi huo ndimo lilimotoka neno tawafu, yaani kuizunguka Al-Kaaba, na pia tufani, dhoruba izungukayo na kufunika kila kitu. Ama taifa kwa Kiarabu ni kundi au sehemu ya watu. Katika Surat At-Tawba, aya ya 122, waumini wameelekezwa kwamba wasitoke wote kwa pamoja, bali katika kila jamii kubwa litoke taifa likajifunze dini na kurudi kuwaonya wenzao. Hapo taifa ni kundi dogo ndani ya kundi kubwa. Wafasiri wengine wamesema hata mtu mmoja aweza kuitwa taifa.

Aya ambayo yatupasa kuizingatia zaidi ni ya 9 katika Surat Al-Hujurat. Humo wametajwa mataifa mawili ya waumini yanayopigana, na amri iliyotolewa kwa wengine ni kuwapatanisha kwa uadilifu. Tuangalie kwamba pande zote mbili zimeitwa za waumini. Ugomvi haukuwatoa katika imani, wala imani yao haikuwaruhusu waliobaki kukaa kando wakitazama.

Historia imetuonyesha yatokeayo amri hiyo inapopuuzwa. Mwaka 929 Abd ar-Rahman wa Tatu alijitangaza khalifa mjini Cordoba, katika Andalus. Hazikupita karne mbili. Mwaka 1009 ilizuka fitina ya kugombea kiti, na kufikia mwaka 1031 ukhalifa huo ulikuwa umekwisha. Nchi ikapasuka vipande zaidi ya 20, kila kipande na mtawala wake: Banu Abbad huko Seville, Banu Dhi'n-Nun huko Toledo, Banu Hud huko Zaragoza, Banu Ziri huko Granada, na wengineo. Wanahistoria waliwaita mulukut-tawaif, yaani wafalme wa mataifa, kwa maana ya wafalme wa makundi. Ndipo neno taifa likawa jina la dola ndogo ya Kiislamu.

Haki isemwe: dola hizo hazikukosa elimu. Ibn Hazm aliandika katika zama hizo, na Az-Zarqali alitengeneza vyombo vyake vya falaki mjini Toledo. Lakini watawala walishindana kwa majumba na kwa lakabu nzito, wakapigana wao kwa wao, na wengi wao wakawalipa dhahabu wafalme wa Kikristo wa kaskazini ili kupata amani au msaada dhidi ya ndugu zao. Wazee wetu husema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Mwaka 1085 Toledo ilichukuliwa na Alfonso wa Sita, na haikurudi tena. Kwa hofu, Al-Mu'tamid wa Seville na wenzake wakamwita Yusuf bin Tashfin kutoka Maghribi, naye akashinda vita vya Zallaqa mwaka 1086. Baadaye yeye huyo aliyeitwa kuwaokoa akaziondoa dola zao. Al-Mu'tamid alipoteza mji wake mwaka 1091, akafia uhamishoni Aghmat mwaka 1095.

Hadi leo Wahispania husema "falme za taifa" wanapokejeli siasa ambayo kila mkubwa hujali eneo lake tu. Nao Waarabu wana neno taifiyya, yaani ubaguzi wa kimadhehebu. Huko Lebanoni, ambako vyeo vikuu vimegawanywa kwa madhehebu, vita vya ndani vilitafutiwa suluhu mwaka 1989 kwa mkataba uliofikiwa mjini Taif, na miongoni mwa malengo yake ni kuondoa hiyo taifiyya katika siasa. Hadi sasa lengo hilo halijatimia.

Hata sisi wa pwani maana ile ya zamani hatukuipoteza. Mombasa ni mji wa Thenashara Taifa: Thelatha Taifa, ambao ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, na Tisa Taifa, wakiwamo Wamvita, Wajomvu, Wakilifi na Wamtwapa. Hapa taifa ni kundi lenye wazee wake na heshima yake ndani ya mji mmoja. Makundi hayo yalishindana, na nyakati nyingine yakatengana. Lakini yalipokaa pamoja, mji ulisimama. Kwa upande mwingine, mwaka 1837, baada ya ugomvi ndani ya mji, utawala wa Mazrui uliangukia mikononi mwa Seyyid Said wa Omani.

Kiswahili kimelifanyia neno hili jambo la ajabu. Kimelichukua neno la kipande, kikalifanya jina la kitu kizima. Leo taifa ni nchi yote na watu wake, na Katiba ya mwaka 2010 imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Hata wimbo wetu wa taifa umetokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto: kilichokuwa cha kundi moja kimekuwa cha wote.

Basi tujiulize, katika nyumba zetu twaishi na maana ipi? Mwezi unapoandama, nyumba moja huwa na Idi mbili, na ndugu wakanuniana. Kijana hukataliwa posa, si kwa dini yake wala tabia yake, bali kwa kabila lake. Msikiti hugawanyika kwa ajili ya kamati, na watoto wakarithi ugomvi wasioujua chanzo chake. Kuhitilafiana kwa elimu hakuna ubaya. Maimamu wetu walihitilafiana na wakaheshimiana. Ubaya ni kukata salamu.

Twawausia wazazi mambo mawili. Kwanza, aliye na ndugu aliyefunga au kufungua siku tofauti, ampelekee sahani ya chakula Idi yake ifikapo, na watoto ndio waibebe. Pili, panapotokea ugomvi, atafutwe mzee wa kusuluhisha kabla ya kutafutwa mashahidi wa kulaumu. Dola za Andalus zilikuwa na mali, majeshi na wanazuoni. Zilichokosa ni mpatanishi anayesikilizwa. Kila nyumba yaweza kumpata wake.

Mwenyezi Mungu aziunganishe nyoyo zetu. Wabillahi taufiq.