Karatasi ya Dawa Isiyosomeka

Mama, munganga wa kituo cha afya anaandika karatasi, wewe unaipeleka kwa farmasi. Pengine maandishi hayasomeki. Muuza dawa akisema, «Nafikiri ni hii», usipokee. Dawa si kitu cha kubahatisha.

Kwa mfano: parasetamoli iko na kidonge cha miligramu 100 cha watoto, na cha miligramu 500 cha wakubwa. Mutoto wa kilo 10 anapashwa kupata miligramu 100 mpaka 150 kwa mara moja. Ukimupa cha 500, umepita kipimo zaidi ya mara tatu. Ukirudilia hivyo, maini yake yanaweza kuharibika.

Basi ufanye hivi:

1. Mbele ya kutoka, umwombe munganga akusomee: dawa gani, kiasi gani, mara ngapi kwa siku, siku ngapi. Aandike na kilo za mutoto.

2. Muuza dawa akiwa na mashaka, amupigie munganga simu, ao aandike ulizo nyuma ya karatasi, nawe urudi nayo kituoni.

3. Kama umekwisha kumupa dawa isiyo yake, umulete upesi pamoja na pakiti.

Hapa Kabambare njia ni ndefu, tunajua. Lakini heri uchoke na njia kuliko mutoto adhurike na dawa.