Kidato kwa Kila Mtoto: Mchezo wa Kupanda na Watoto Wenye Ulemavu

Ukipita katika mashamba ya minazi ya Kibiti, tazama mashina. Mengi yamechongwa vidato, yale makato ambamo mkwezi hutia mguu anapopanda kuangua nazi. Neno hilohilo ndilo tunalolitumia shuleni: kidato cha kwanza, kidato cha pili. Hapo lugha yetu inatufundisha jambo. Anayepanda, awe mnazini au darasani, hapandi kwa nguvu zake tupu. Yupo aliyetangulia kumchongea pa kukanyaga.

Makala hii inahusu watoto ambao mara nyingi huambiwa wakae chini wakati wenzao wanapanda: mwenye mtindio wa ubongo, aliyezaliwa na mgongo wazi, asiyeona, aliyekatwa mguu, mwenye usonji. Duniani umekuwapo kwa miaka mingi mchezo wa kupanda uliorekebishwa kwa ajili yao. Tunataka kueleza unavyofanyika, na kwa nini unatuhusu sisi mafrateri na ninyi waamini wa parokiani.

Kupanda ni sehemu ya maisha ya delta

Mto Rufiji ukikaribia bahari hugawanyika katika mikono mingi, nayo hupita katikati ya msitu mkubwa wa mikoko mkabala na kisiwa cha Mafia. Huko watu hupanda kila siku. Hupanda mtumbwi, hupanda ukingo wa tope maji yanapokupwa, hupanda boti pale Nyamisati. Katika mashamba ya bondeni, kwa vizazi vingi familia zimejenga madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ili kukwepa maji na kulinda mpunga dhidi ya wanyama. Dungu lina ngazi, na asiyeweza ngazi hubebwa.

Mtoto wa miaka mitatu hubebeka. Akifika miaka kumi na miwili, mgongo wa mama unakataa. Hapo ndipo wengi huanza kubaki nyumbani: hawaendi shambani, hawaendi kanisani wala msikitini, hawaendi shule. Si kwamba hawapendwi. Njia ya kuwapandisha haipo.

Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yaliikumba Rufiji na Kibiti. Maji yakija, anayeweza kupanda hupanda. Ni afadhali mtoto awe amekwisha kuzoea kushika kamba, kufungwa mkanda na kumwamini anayemvuta, na familia yake iwe inajua kumwinua bila kumuumiza. Mambo hayo hayafundishiki vizuri katikati ya maji. Hufundishwa siku ya jua, kwa mchezo.

Unavyofanyika

Mpandaji huvaa mkanda unaozunguka kiuno na mapaja. Mtoto ambaye kiwiliwili chake hakina nguvu huvalishwa mkanda wa mwili mzima, unaoshika pia kifua na mabega, ili asipinduke. Kamba hufungwa kwenye mkanda, hupanda hadi juu ya ukuta au mwamba, hupita katika pete imara, kisha hurudi chini kwa mshika kamba. Mtoto akiteleza, kamba humzuia palepale. Akichoka, hushushwa taratibu.

Kwa mtoto ambaye mikono au miguu yake haitoshi kuinua mwili, huongezwa kapi. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa upya hapa, kwa maana mabaharia wa majahazi wamepandisha foromali na tanga zito kwa kamba na kapi tangu zamani. Kapi likifungwa upande wa mzigo, nguvu inayohitajika hupungua karibu kwa nusu, ingawa kamba ya kuvuta huwa ndefu mara mbili. Hivyo mtoto wa kilo 30 huweza kuinuliwa kwa nguvu ya kilo 15 hivi, na zaidi kidogo kwa sababu ya msuguano. Makapi yakiongezwa, nguvu hupungua tena. Anayevuta anaweza kuwa mtoto mwenyewe, kwa mikono yake, huku amekaa kwenye kiti cha kamba. Wapo wanaopanda ukuta mzima hivyo bila kutumia miguu.

Asiyeona huelekezwa kwa sauti na mtu aliye chini. Katika nchi nyingine maelekezo hutolewa kwa sura ya saa, kila namba ikionyesha upande. Kwetu njia hiyo ina mtego. Mshale ukiwa kwenye tatu, sisi husema saa tisa. Basi ni bora kutumia maneno ya mwili: “kulia, usawa wa bega,” “kushoto, juu kidogo ya goti.” Mwenye usonji hupewa muda, utulivu na utaratibu uleule kila mara, ili ajue kinachofuata.

Kanuni moja inawahusu wote: mtoto ndiye anayesema. Akisema “basi,” anashushwa, hata kama amebakiza hatua moja kufika. Mzazi anayemsukuma afike ili apigwe picha ameuharibu mchezo.

Familia nayo ina nafasi yake. Baba hufundishwa kushika kamba, dada hufundishwa kukagua mkanda, mama hukaa chini akitazama. Kwa mama ambaye kwa miaka mingi amekuwa yeye tu mikono na miguu ya mwanawe, kumwona akiinuka huku wengine wakishika kamba ni mapumziko yenye maana.

Waliotangulia

Mlima wetu wenyewe una ushahidi. Douglas Sidialo, Mkenya aliyepoteza macho katika shambulio la bomu la Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, alifika kilele cha Kilimanjaro mwaka 2005. Spencer West, asiye na miguu yote miwili, alikifikia mwaka 2012, sehemu kubwa ya njia akitembea kwa mikono. Mchezo wa kupanda kwa watu wenye ulemavu ulianza kuwa na mashindano ya dunia mwaka 2011 huko Arco, Italia, na umekubaliwa kuingia katika michezo ya Paralimpiki ya Los Angeles mwaka 2028.

Hata hivyo, tusiwageuze mashujaa hao kuwa mzigo kwa watoto. Mtoto wa Kibiti hadaiwi mita 5,895. Kwake, tawi la chini la mkorosho linaweza kuwa kilele.

Tunachojifunza katika falsafa

Aristotle, na baada yake Mtakatifu Thomaso wa Akwino, walitofautisha uwezo uliomo ndani ya kitu na utimilifu wa uwezo huo. Mbegu ina uwezo wa kuwa mti, lakini haiufikii bila udongo na maji. Tukiona mtoto hapandi, tunaharakisha kusema hawezi. Swali sahihi ni je, kimekosekana kitu gani nje yake ili uwezo wake utoke? Mkwezi hodari naye angekwama kwenye shina lisilo na kidato. Hatumwiti mlemavu, tunasema shina halijachongwa.

Lakini hapa pana hatari ya kukosea. Tukisema thamani ya mtoto iko katika anachoweza kufanya, tutakuwa tumemtupa yule ambaye hatapanda kamwe, hata kwa makapi kumi. Kanisa linafundisha kwamba hadhi ya mtu hutoka kwa Mungu aliyemuumba kwa mfano wake, si katika mafanikio yake. Hatumpandishi mtoto ili apate hadhi. Tunampandisha kwa sababu anayo tayari, na mwenye hadhi hiyo anastahili kucheza.

Wengine watauliza: tutazungumzaje michezo wakati viti vya magurudumu havitoshi? Swali ni la haki. Kiti kije kwanza. Lakini mtoto hana haja ya kusubiri mahitaji yote yatimie ndipo aruhusiwe kufurahi. Mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataja wazi haki ya watoto hao kushiriki michezo sawa na wenzao.

Tukumbuke pia Injili ya Marko, sura ya pili. Mlango ulizibwa na umati, hakuna aliyepisha. Watu wanne wakapanda na mgonjwa wao juu ya nyumba, wakafungua paa, wakamshusha mbele ya Yesu. Mwinjili anasema Yesu aliiona imani yao, yaani ya kundi zima. Imani hiyo ilionekana katika kazi ya mikono.

Tuanzie wapi

Tusianzie mnazini. Hata wakwezi wazoefu huanguka, na kamba ya nazi, ya katani au ya uvuvi si ya kuning'iniza mtoto. Kupanda kwa urefu kunahitaji vifaa maalumu na mtu aliyefunzwa. Mwenye kifafa, mifupa dhaifu au mgongo wazi aonwe kwanza na daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam ina huduma za utengamao kwa watoto.

Lakini yapo yasiyosubiri vifaa: kupanda kichuguu cha mchanga kwa kutambaa, ngazi tatu za ukumbi wa parokia huku wawili wakishika, tawi la mkorosho lililolala karibu na ardhi kwa kivuli chake, ambacho pia humfaa mtoto mwenye ualbino. Jumuiya ndogondogo inaweza kuorodhesha watoto wenye ulemavu wa eneo lake, Wakristo na Waislamu pamoja, na kuwauliza wazazi swali moja: mwanao angependa kupanda wapi?

Jibu linaweza kuwa mtumbwini, au kwenye dungu la babu, au altareni. Tukishalijua, kazi inayobaki ni ya fundi na shoka lake: kuchonga kidato kinachotosha mguu huo.