Ushelisheli: Mgeni Njoo, Sufuria Ipo Jikoni

Hakuna mtu wa Pwani asiyelijua shelisheli, lile tunda la kijani, kubwa kama kichwa cha mtoto, ambalo mama zetu hulipika kwa tui la nazi, au hulikata vipande wakalikaanga kama muhogo, au hulichoma juu ya makaa likaliwa kwa samaki. Walakini ni wachache wanaokumbuka kwamba jina hilo asili yake si la tunda bali ni la nchi. Mti wenyewe uliingia kwetu ukibeba jina la visiwa ulikotoka, nasi tukautia mikono yetu ukawa mwenyeji.

Visiwa hivyo ndivyo Ushelisheli, navyo ni 155 kwa hesabu ya katiba yao. Kilicho kikubwa ni Mahé, nacho hakipo mbali sana na mstari wetu: nahodha akitoka Kilindini, akaelekeza omo mashariki na kuegemea kusini kidogo, baada ya kiasi cha kilomita 1,700 ataiona milima yake ya mawe ikichomoza majini. Na kwa miaka mingi njia ya kwenda huko ilikuwa ndiyo hiyo. Kabla ya kiwanja cha ndege cha Mahé kufunguliwa mwaka 1971, aliyetaka kufika alipanda zile meli zilizokuwa zikienda baina ya Bombay na Mombasa, akateremkia njiani.

Leo jina hilo likitajwa, jambo la kwanza linalomjia mtu akilini ni mapesa. Ndiko alikokwenda fungate Prince William wa Uingereza na mkewe mwaka 2011, katika kisiwa cha North Island, ambacho kisiwa kizima ni hoteli moja. Huko bei ya kulala usiku mmoja ni mshahara wa mwalimu wetu wa miezi mingi. Basi mtu wa kawaida husikia habari hizo akajiambia: visiwa hivi si vya mimi na wewe, ni vya wafalme.

Kusema kweli, ughali huo una sababu zake. Nchi yote, ukijumlisha visiwa vyote, ni kilomita za mraba 455 tu, na sehemu kubwa ya Mahé ni mlima na jabali. Watu wake ni laki moja na ushei. Mchele, unga, mafuta ya kupikia na vitunguu aghalabu huja kwa meli. Sahani ya wali mkahawani, kabla haijafika mezani, imekwisha kulipa nauli ya bahari, ushuru wa forodha na mshahara wa mpishi. Anayekula mkahawani mara tatu kwa siku, kwa siku saba, atarudi kwao mfuko mtupu na huenda akabaki na deni.

Lakini uko mlango mwingine, na huo ndio ninaotaka kukuonyesha, ndugu msomaji. Ni nyumba za kujipikia. Mwenyeji hutenga sehemu ya nyumba yake, au hujenga vijumba viwili vitatu uwanjani, akavitia kitanda, jiko la gesi, jokofu, sufuria na sahani. Mgeni hupewa ufunguo. Asubuhi haamki kungoja kengele ya chakula; huamka akateleka chai yake mwenyewe. Nyumba za namna hii zimejaa Mahé, Praslin na La Digue, na bei yake, ingawa si rahisi kwa kipimo cha mifuko yetu, huwezi kuilinganisha na ya yale mahoteli.

Tena zingatia jambo hili. Biashara ya nyumba ndogo ndogo za wageni, sheria ya Ushelisheli imewawekea raia wake wenyewe. Mgeni mwenye mamilioni akitaka kujenga, na ajenge hoteli kubwa kwa masharti yake. Kijumba cha vyumba vichache ni riziki ya mwenyeji. Mwaka 2015 serikali yao ilikwenda mbele ikasimamisha ujenzi wa mahoteli makubwa mapya katika visiwa vikuu. Na tangu Agosti 2023, mgeni anapotozwa ada ya kulinda mazingira, anayelala katika nyumba ndogo hulipa rupia 25 kwa usiku, wa hoteli ya kadiri 75, na wa hoteli kubwa 100. Hata kodi inajua nani kaja na nini.

Sasa tuingie jikoni. Katikati ya mji wa Victoria, ambao ni miongoni mwa miji mikuu midogo kabisa duniani, liko soko linaloitwa kwa jina la gavana wa zamani, Selwyn-Clarke. Nenda mapema, kama uendavyo Marikiti. Utakuta samaki walao pwani yetu: jodari, kolekole ambao wao humwita karang, pweza ambaye kwao ni zourit, na yule mwekundu mnene, bourzwa, wanayemthamini kuliko wote. Utakuta pilipili, ndimu, mdalasini na vanila. Na utaliona shelisheli, ambalo kwao halina jina la nchi yao bali huitwa friyapen, na wana msemo kwamba mgeni aliyelila huko hana budi kurudi tena.

Mwanamke wa Kilamu au wa Kibajuni hatahitaji kufundishwa lolote katika jiko hilo. Kari yao ya nazi ni mchuzi wetu wa tui kwa jina jingine. Ladob yao, ndizi au shelisheli au kiazi kilichochemshwa kwa tui, sukari na manukato, ni ile tunayofuturu nayo Ramadhani. Lugha yao ni Krioli iliyotokana na Kifaransa, na dini ya wengi wao ni Ukristo. Lakini chungu chao na chetu vinajuana.

Na kwa Muislamu, kujipikia kuna faida nyingine isiyopimwa kwa rupia. Katika mikahawa ya huko nguruwe yupo, mvinyo hutiwa katika baadhi ya michuzi, na popo ni kitoweo cha heshima. Mwenye sufuria yake hana haja ya kumhoji mtumishi kila sahani. Samaki ni halali, bahari imemzunguka, na Ijumaa ikifika uko msikiti Victoria, wenye kuba la rangi ya dhahabu, uitwao Sheikh Mohamed bin Khalifa. Ila kumbuka kwamba kibla cha huko si kama chetu cha Mombasa kinachoelekea kaskazini hasa. Huko hupinda kushoto kidogo.

Kutembea nako hakuhitaji utajiri. Mabasi ya Mahé yanapanda milima kutwa. Kwenda Praslin ni mwendo wa saa moja kwa boti, na kutoka hapo kwenda La Digue ni robo saa, ambako watu wengi huendesha baiskeli kama tuliozoea kuona Malindi. Fukwe ni za umma kwa sheria. Hoteli haiwezi kumfukuza mtu mchangani. Mtu wa Pwani atajua pia kuchagua msimu. Wakati wa kusi, fukwe za mashariki huchafuka na kujaa mwani, na mkondo wa Grand Anse ya La Digue si wa kuchezea. Wakati huohuo Beau Vallon, iliyo upande wa pili wa Mahé, hutulia kama maji ya birika.

Ukifika Praslin, ingia katika bonde la Vallée de Mai, lililotiwa katika urithi wa dunia mwaka 1983. Humo huota mnazi ambao nazi yake ndiyo mbegu kubwa kuliko zote duniani. Zamani, kabla watu hawajajua zitokako, nazi hizo ziliokotwa zikielea baharini, na maderwishi wa Uajemi walilitumia kombe lake kama kashkuli, chombo cha kupokelea sadaka. Ajabu ya Mungu: tunda la visiwa ghali likawa bakuli la fukara.

Lakini tusije tukaviona visiwa hivi kama uwanja wa starehe tu. Waingereza walivifanya gereza la wafalme. Prempeh wa Ashanti alikaa huko tangu 1900 hadi 1924. Khalid bin Barghash, aliyekalia kiti cha Unguja kwa siku chache mwaka 1896, alishikwa mwaka 1916 akapelekwa Ushelisheli na Saint Helena, kisha akaruhusiwa kurudi, na akafia hapa kwetu Mombasa mwaka 1927. Na kuanzia 1861, manowari za Kiingereza zilizokamata majahazi ya watumwa katika bahari yetu ziliwateremsha Mahé watu zaidi ya elfu mbili. Juu mlimani bado yapo magofu ya Venn's Town, shule ya wamisheni iliyoanzishwa mwaka 1876 kwa watoto wao. Kwa hiyo yule mama akupaye ufunguo wa nyumba, huenda bibi ya bibi yake alichukuliwa katika bara hili hili.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wa kujipikia hulishika jembe tangu siku ya kwanza, na nadhani ndiyo sababu hupokewa kwa uso mwingine. Nami naongeza ubeti wangu:

Mgeni njoo mwenyeji, apone kwa kuja kwako,
Usiwe kama mlaji, asiyeushika mwiko,
Ukipika wako uji, ukafua nguo zako,
Hapo huwi msafiri, ndugu umefika kwako.

Uponi wa mwenyeji, hata hivyo, una sharti lake: ufunguo uwe mkononi mwake. Sisi nasi tuna mchanga mweupe kutoka Diani hadi Shela, na nyumba za kujipikia zimeota kama uyoga. Lakini hesabu mwenyewe, katika mtaa unaoujua, ni ngapi ambazo mwenye nyumba ni mwana wa mtaa, na ni ngapi ambazo mwana wa mtaa ni bawabu na mkewe ni mfuaji wa shuka. Ushelisheli ni nchi ndogo kuliko wilaya zetu nyingi, na haina utajiri wa ardhi. Lakini ilijua mapema cha kuwauzia wageni na cha kubaki nacho. Tuliutwaa mti wao tukaupanda ukazaa. Hekima hii nayo ingefaa kupandwa, kabla kiwanja cha mwisho hakijapata mwenyewe.