Kioo cha Dola Kumi

Mwaka 1878 mwalimu mmoja kijana wa chuo cha maofisa wa jeshi la majini la Marekani, kilichoko Annapolis, alitakiwa kuwaonyesha wanafunzi wake jinsi mwendo wa nuru unavyopimwa, na kwa kuwa chuo hakikuwa na vyombo vilivyotayarishwa kwa shughuli hiyo, alikusanya vile alivyoviona vimelala makabatini, akatoa dola kumi kununua kioo cha kuzunguka, akaanza kazi ambayo hakuiacha mpaka mauti yalipomkuta miaka 53 baadaye. Jina lake Albert Abraham Michelson. Hakuwa na shahada ya fizikia, wala udaktari hakuupata ila ule wa heshima ambao vyuo vikuu humpa mtu aliyekwisha sifika; na huyu ndiye Mmarekani wa kwanza aliyepewa tuzo ya Nobel katika elimu ya sayansi, mwaka 1907.

Alizaliwa Desemba 1852 katika mji mdogo wa Strelno, uliokuwa zama hizo chini ya ufalme wa Prusia na leo umo katika Polandi, wazazi wake wakamvusha bahari angali mtoto mdogo, na baba yake akawa mwenye duka miongoni mwa wachimba dhahabu wa California na, baadaye, wachimba fedha wa Nevada. Mwaka 1869, alipokosa nafasi ya jimbo lake ya kuingia chuo cha Annapolis, alifunga safari hadi Washington kumkabili Rais Ulysses Grant uso kwa uso. Nafasi kumi alizokuwa nazo Rais zilikuwa zimekwisha kugawanywa. Kijana akapewa ya kumi na moja, na alipokuwa mtu mzima alipenda kusimulia kwa mzaha kwamba elimu yake ilianza kwa tendo lisilo la halali. Katika darasa la watu 29 alitoka wa kwanza katika elimu ya nuru na wa ishirini na tano katika ubaharia, na nadhani hapana haja ya kueleza zaidi kwa nini hakudumu melini.

Njia aliyoitumia hakuibuni yeye. Mfaransa Léon Foucault alikuwa amekwisha kuitumia mwaka 1862: nuru hupigwa kwenye kioo kinachozunguka kwa kasi, ikaenda mpaka kioo cha pili kilichotulia mbali, ikarudi, lakini katika muda ule mfupi wa kwenda na kurudi kile kioo cha kwanza kimekwisha kugeuka kidogo, kwa hiyo nuru inayorudi hairejei pale ilipotoka, huangukia kando, na anayejua umbali, na kasi ya kioo, na kiasi cha huo mkengeuko, amekwisha kuujua mwendo wa nuru. Kwa Foucault, mkengeuko huo haukutimia hata milimita moja, na ni nani awezaye kuapa kwa nywele moja? Alilofanya Michelson ni kuipanga upya mitambo, kwa msaada wa dola 2,000 za baba mkwe wake, hata nuru ikaweza kusafiri kiasi cha mita 600 kabla ya kurudishwa, na ule mkengeuko ukawa milimita 133, kitu ambacho mtu hukipima kwa utulivu. Jawabu lake, baada ya masahihisho, likawa kilomita 299,910 kwa sekunde, kwa ziada au upungufu wa 50.

Namwomba msomaji asiyapite haraka maneno hayo ya mwisho. Mpimaji wa kweli hataji kadiri peke yake. Hutaja pamoja nayo kiasi cha shaka yake, kama dalali mwaminifu atajaye bei ya kitu na kasoro yake kwa pumzi moja.

Kisha akaenda Ulaya kujifunza, Berlin kwa mwanafizikia Helmholtz, halafu Heidelberg na Paris, na huko akabuni chombo kilichobeba jina lake, intaferomita. Wanafizikia wa siku hizo walikuwa na akida kwamba, kama vile wimbi la bahari lisivyoweza kuwapo pasipo maji, mawimbi ya nuru nayo yanahitaji kitu cha kuyachukua, kitu kisichoonekana kilichojaa ulimwengu mzima, wakakiita etha. Na maadamu dunia hulizunguka jua kwa kasi ya kilomita 30 kwa sekunde, yapasa ikate etha hiyo na kuhisi upepo wake, mfano wa abiria wa chombo kiendacho siku ya shwari. Michelson aliwafafanulia watoto wake jambo hili kwa waogeleaji wawili mtoni. Tuseme kila mmoja huogelea pima 25 kwa dakika, na mkondo huenda pima 15. Wa kwanza apande pima 200 kinyume cha mkondo na kurudi, wa pili akate mto kwenda ng'ambo ya pima 200 na kurudi. Wa kwanza atatumia dakika 20 kupanda na 5 kushuka; wa pili, ambaye sehemu ya nguvu zake hupotea katika kuuzuia mkondo usimchukue, atatumia 10 kwenda na 10 kurudi. Siku zote atashinda yule wa kukata mto. Intaferomita huupasua mwali mmoja wa nuru kuwa waogeleaji wawili, ikawatuma pande mbili zilizo pembe mraba, ikawakutanisha tena, na wanapokutana hufanya mistari ya mwanga na giza ambayo husogea mmoja wao akichelewa hata kwa sehemu ndogo ya wimbi.

Jaribio la kwanza lilishindwa Berlin kwa sababu ya mtikisiko wa magari ya barabarani, likahamishiwa Potsdam mwaka 1881. La pili, lililo mashuhuri, alilifanya Cleveland Julai 1887 pamoja na Edward Morley, mwalimu wa kemia na mtu wa subira kama yeye. Waliweka vioo vyao juu ya bamba la jiwe lenye upana wa mita moja na nusu kila upande, jiwe likaelea juu ya zebaki, nao wakaligeuza polepole, mzunguko mmoja kwa dakika sita, Michelson akiizunguka ile meza, jicho kwenye darubini, akizisoma zile kadiri pasipo kulisimamisha jiwe. Kwa hesabu, mistari ilipaswa kusogea sehemu nne katika kumi za upana wake. Haikusogea hata sehemu moja katika ishirini. Upepo wa etha haukuonekana.

Leo tunaelezwa kwamba hapo ndipo mlango wa Einstein ulipofunguka, na kweli mwaka 1905 Einstein alijenga nadharia yake pasipo kuihitaji etha; lakini Michelson mwenyewe hakufurahi. Alitafuta kitu akakikosa, akaandika kwamba amekikosa, akaenda zake kwenye kazi nyingine bila ya kulirudia jaribio kila miezi mitatu kama walivyokusudia, na hata uzeeni aliizungumza etha kama azungumzwavyo marehemu mpendwa. Kwangu mimi hapo ndipo ukubwa wake ulipo: hakuilazimisha mistari isogee.

Kazi hizo nyingine zilikuwa nyingi. Wazee wetu waliopima nguo kwa dhiraa walijua kwamba mkono wa mwenye duka aghalabu huwa mfupi kuliko wa mnunuzi. Wafaransa nao, kwa kuikimbia fitina ya namna hiyo, waliweka fimbo ya madini huko Sèvres iwe ndiyo mita ya walimwengu wote, ila fimbo yaweza kuungua au kupinda. Mwaka 1892 Michelson aliitwa huko, akaihesabu mita kwa nuru nyekundu ya kadimiamu, akapata mawimbi 1,553,163 na nusu. Mwaka 1920, juu ya Mlima Wilson huko California, yeye na Francis Pease walipima upana wa nyota ambayo Waarabu waliiita Yad al-Jauza na Wazungu, kwa kuliharibu jina, wakaiita Betelgeuse. Ikaonekana kwamba lau ingewekwa mahali pa jua ingeimeza dunia yetu.

Na nuru akairudia. Kutoka Mlima Wilson aliipeleka mpaka kilele cha pili kilomita 35 mbali, kioo chenye pande nane kikizunguka mara 528 kwa sekunde, hata nuru iliporudi ikakuta upande wa pili umekwisha kukaa mahali pa wa kwanza. Mwaka 1926 alitangaza 299,796, kwa ziada au upungufu wa 4. Bado hakuridhika, maana hewa ya milimani humchezea mpimaji. Akajengewa bomba la urefu wa maili moja karibu na Santa Ana, hewa ikanyonywa humo, na kazi ikiwa inaendelea akafariki Pasadena tarehe 9 Mei 1931. Pease na Fred Pearson waliimaliza, wakapata 299,774.

Tangu 1983 hakuna tena apimaye mwendo wa nuru, kwa kuwa mita yenyewe imefasiriwa kwa huo mwendo, nao umewekwa kuwa mita 299,792,458 kwa sekunde. Kwa mizani hiyo, kipimo cha kijana wa Annapolis kilizidi kwa kilomita 118, yaani zaidi ya mara mbili ya shaka aliyoikiri. Kile cha milimani kilizidi kwa karibu nne, ndani ya mpaka aliojiwekea. Na kile cha bomba lililonyonywa hewa kwa gharama kubwa kilipungua kwa 18.