Bwana Shamba, Mbolea Tumeila: Manunuzi na Mapishi ya Nyumbani kwa Mkulima wa Biashara

Leo sizungumzii kantangaze wala ukungu wa nyanya. Leo naingia jikoni. Najua wapo watakaosema bwana shamba kaishiwa mada. Subirini kidogo, mtaona kwa nini.

Msimu uliopita nilimtembelea kijana mmoja anayelima nyanya za kumwagilia huku Ilula, wilaya ya Kilolo. Ekari moja na nusu, mbegu chotara, nafasi kati ya mche na mche iko sawa kabisa. Nyanya zimeanza kutoa maua lakini majani ya chini yamepauka, zinadai mbolea ya kukuzia. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, mbolea iko wapi?" Akacheka kwa aibu, akasema, "Bwana shamba, mbolea tumeila."

Hakuwa anatania. Hela ya mbolea ilikuwa kwenye simu, imechanganyika na hela ya nyumbani. Leo mafuta, kesho unga, keshokutwa nyama nusu kilo kwa sababu mgeni kaja. Hakuna aliyekunywa pombe, hakuna aliyefanya anasa. Miezi miwili ikapita na mifuko ya mbolea ikaishia mezani.

Nikamwomba yeye na mkewe waandike kwenye daftari kila shilingi ya chakula kwa siku 14. Niliporudi tukakaa watatu tukalisoma. Yale tuliyoyakuta nayakuta kwenye nyumba nyingi za wakulima vijana, ndiyo maana naandika.

1. Kununua kidogo kidogo

Sisi wakulima tunapiga kelele sana kuhusu lumbesa. Mnunuzi akizidisha kilemba kwenye gunia la viazi tunalia kwamba tunaibiwa, na kweli tunaibiwa. Lakini jioni tukienda dukani tunapimiwa mafuta kwa kikopo na hatuulizi chochote.

Fanya jaribio hili nyumbani. Nunua mafuta ya kupimiwa ya shilingi 500, yamimine kwenye kikombe chenye alama za mililita, kile kile unachopimia dawa ya shamba HAPANA, tafuta kingine cha jikoni. Tuseme umepata mililita 60. Gawa 500 kwa 60, zidisha kwa 1,000. Unapata kama shilingi 8,300 kwa lita. Kama chupa ya lita moja inauzwa 6,000 hapo hapo dukani, basi kila lita unayoipika inakupunja shilingi 2,300. Hizi bei ni za mfano tu, weka za kwenu, hesabu ni ile ile.

Kanuni ni moja: usilinganishe bei ya kifungashio, linganisha bei ya kilo au ya lita. Sukari, chumvi, mchele, maharage, dagaa, sabuni, vyote hivyo. Kopo na sado hutofautiana kwa muuzaji na muuzaji, kwa hiyo ukiweza nenda na mzani mdogo wa kushika mkononi. Wengi mnao tayari wa kupimia mazao.

Kikubwa siyo siku zote nafuu. Ukikuta pakiti kubwa bei ya kilo ni ile ile, chukua ndogo. Na kitu kinachooza usinunue kingi kwa sababu tu ni rahisi. Vikavu nunua kwa mwezi, vibichi nunua kwa siku mbili tatu.

2. Kuuza mahindi Julai, kununua unga Januari

Hapa ndipo penye pengo kubwa kuliko yote. Tuchukue familia ya watu watano inayotumia unga kilo moja na nusu kwa siku. Kwa mwezi ni kilo 45. Kwa miezi sita, Novemba hadi Aprili, ni kilo 270.

Tuseme sembe dukani ni shilingi 1,600 kwa kilo. Miezi sita ni shilingi 432,000.

Sasa tuseme wakati wa mavuno ulibakiza, au ulinunua kwa jirani, magunia matatu ya kilo 100 kwa shilingi 55,000 kila moja. Hiyo ni 165,000. Mifuko mitatu isiyopitisha hewa kwa 5,000 kila mmoja ni 15,000. Kusaga kilo 300 kwa shilingi 100 ni 30,000. Jumla 210,000.

Tofauti ni shilingi 222,000. Kwa mahindi peke yake, bado hatujagusa maharage. Kijana wangu alipoiona hiyo namba alinyamaza, maana aliyajua mahindi yalipoenda: aliyauza yote siku moja, gunia la mwisho likiwa la kulipia pikipiki.

Angalizo ambalo sitaacha kulisema: mahindi ya kuhifadhi lazima yakauke vizuri, unyevu usizidi asilimia 13. Yaanike kwenye turubai, siyo chini. Chambua yenye ukungu na yaliyovunjika, usiyasage na wala usimpe kuku. Sumukuvu haiishi kwa kupika. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu Dodoma na Manyara, na chakula chao kilikuwa ugali wa kawaida kama wangu na wako. Ukijaza mfuko usiopitisha hewa, kamua hewa yote, funga kila tabaka peke yake, na usiufungue kila siku. Toa kwa mkupuo mahindi ya wiki mbili tatu.

Mkisaga, sageni dona. Haipotezi kiini wala pumba, kwa hiyo unga unaopata ni mwingi na lishe inabaki. Ila haikai muda mrefu kama sembe, saga kidogo kidogo.

3. Hela inayotoka bila kushibisha

Kwenye daftari la siku 14 kulikuwa na maandazi kila asubuhi, soda ya vibarua, viungo vya pakiti, na biskuti za mtoto. Wakati huo huo trei za mayai zinapanda bodaboda kwenda mjini.

Hapa sitaki kuchekesha. Iringa tunalisha nchi, lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani kwetu wamedumaa. Kitaifa ilikuwa asilimia 30. Chakula kipo, tena kingi. Kinachotokea ni kwamba tunauza maharage, mayai na maziwa, halafu mtoto anabaki na ugali na mchuzi mwembamba au uji mtupu. Sisemi msiuze. Kilimo ni biashara. Nasema kabla gari halijapakia, toeni kwanza fungu la nyumbani. Mayai manne kwa wiki kwa mtoto hayawezi kuua mradi wa kuku.

Jinsi ya kwenda gulioni

- Andika kwanza chakula cha wiki nzima, ndipo uandike cha kununua. Angalia ndani kuna nini kabla ya kutoka.
- Nenda umekula. Ukienda na njaa kila kitu kinaonekana cha lazima.
- Beba hela ya orodha tu. Ya mbolea ikae mbali, kwenye laini nyingine au kwenye kikundi cha kuweka akiba.
- Nunua cha msimu. Embe likiwa limejaa ndiyo tunda lako, likiisha nenda kwenye ndizi au parachichi.
- Mboga za majani nunua jioni wauzaji wakikaribia kufunga, lakini angalia zisiwe zimenyauka sana.
- Maharage nunua wakati wa mavuno. Angalia yasiwe na matundu ya bungua, na ya zamani sana yanamaliza mkaa.

Mnaolima nyanya, zile zenye makovu au ndogo ambazo mnunuzi amezikataa kwenye tenga ndizo za jikoni. Ila soma lebo ya dawa uliyopulizia. Siku za kusubiri kabla ya kuvuna zinakuhusu wewe na watoto wako kama zinavyomhusu mteja wa mjini. Na chupa ya dawa haiwi ya mafuta hata uioshe mara kumi.

Mapishi ya mkulima mwenye kazi nyingi

*Maharage.* Chagua, osha, loweka usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yale, weka mapya, funika sufuria, chemsha. Yanaiva mapema na mkaa unapungua. Nyanya na chumvi weka yakishalainika, kwa sababu ukali wa nyanya unayachelewesha. Kilo moja ya maharage makavu ikiiva inakuwa zaidi ya kilo mbili za chakula, linganisha na nyama nusu kilo inayoisha kwa mlo mmoja. Kama huna friji, yaliyobaki usiku yachemshe vizuri asubuhi, myale mchana, yasivuke hapo.

*Makande ya siku ya vibarua.* Sufuria moja, watu sita. Mahindi yaliyokobolewa kilo moja, maharage nusu kilo, vyote vimelowekwa usiku. Chemsha pamoja hadi vilainike. Kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo, nyanya nne, karoti mbili, mimina humo. Malizia na karanga za kusaga kikombe kimoja, koroga, ache dakika kumi kwa moto mdogo. Mahindi na maharage yakienda pamoja kila kimoja kinajazia protini iliyopungua kwa mwenzake. Kibarua akila hayo saa sita, jioni bado ana nguvu.

*Mboga za majani.* Chainizi, mnafu, majani ya maboga, matembele. Osha kabla ya kukata, siyo baada. Pika muda mfupi, usimwage maji yake. Tone la mafuta au karanga linasaidia mwili kuchukua vitamini A. Kamulia limao au kula chungwa baada ya chakula, madini ya chuma ya kwenye mboga na maharage yanaingia mwilini vizuri zaidi. Chai kunywa baadaye, siyo pamoja na mlo, maana inazuia hayo madini.

*Dagaa wa nyanya.* Toa mchanga, osha kwa maji ya uvuguvugu, kaanga kidogo, weka kitunguu na nyanya nyingi. Unakula mzima mzima na mifupa yake, hivyo unapata madini ya kalsiamu ambayo minofu haikupi. Kwa mtoto mdogo, saga dagaa waliokauka vizuri, weka kijiko kwenye uji au mchuzi.

Wiki inaweza kwenda hivi: maharage siku tatu, dagaa siku mbili, mayai siku moja, nyama au kuku Jumapili. Mboga za majani kila siku, tunda kila siku. Asubuhi badala ya maandazi chemsha viazi vitamu, magimbi au ndizi, na uji wa dona wenye karanga. Mboga hizo usizinunue. Matuta mawili nyuma ya nyumba yakinyweshwa maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi yanatosha, mchicha unaanza kuvunwa ndani ya mwezi mmoja.

Jikoni nako kuna msimu

Ukiandaa bajeti ya shamba unaandika mbegu, mbolea, dawa, vibarua, maji. Ongeza mstari wa chakula, tena uwe wa juu kabisa. Andika magunia mangapi yanabaki ndani, kilo ngapi za maharage, na hela ya gulio kwa wiki ni kiasi gani. Usipouandika, chakula kitajichukulia chenyewe kutoka mstari wa mbolea.

Yule kijana msimu ule alikosa mbolea kwa wakati, nyanya zikawa ndogo na tenga likamshukia bei. Hilo halikurudi. Msimu huu nimepita kwake wiki mbili zilizopita. Magunia matatu ya mahindi yako ndani yamefungwa, debe mbili za maharage ziko pembeni. Mbolea ya kukuzia ilinunuliwa mapema, iko stoo. Mkewe ndiye anayeshika daftari, na aliniambia hivi: "Bwana shamba, siku hizi tunakula vizuri kuliko mwanzo, na hela ipo." Kisha akanipakulia makande, nikala sahani mbili.

Kazi yako ya wiki hii: tafuta daftari, andika kila shilingi ya chakula kwa siku 14. Usibadilishe kitu kwanza, andika tu. Siku ya 15 kaa na mwenzako mlisome pamoja.

Kazi njema, tuonane shambani.